Landrova ya Uani kwa Bi Asmaa

Ndugu zangu wasomaji, tuanzie uani kwa Bi Asmaa, Mlandege, mjini Iringa, Jumamosi moja asubuhi. Jua lilikuwa limetoka lakini baridi ya Juni ilikuwa bado inauma. Bi Asmaa, mjane wa miaka sabini na kitu, alikuwa ameketi mkekani, miguu ameinyoosha, anapeta mchele. Birika la chai ya tangawizi lilikuwa pembeni yake. Kando ya ukuta ilisimama Landrova ya marehemu mumewe, Mzee Faraji. Rangi yake ya kijani ilikuwa imepauka, tairi zote nne zimeisha upepo, majani yamepanda hadi madirishani, na kwenye kiti cha nyuma kuku mwekundu alikuwa ametulia juu ya mayai kumi na moja.

Ndipo Sekela akabisha hodi.

Sekela alikuwa fundi magari wa Chimala, mwanamke wa miaka thelathini na tisa, mwenye mikono ya kazi na kicheko cha karibu. Gereji yake iko kando ya barabara kuu. Kwa muda mrefu alikuwa anatafuta gari la kutolea mpunga wa wakulima kule Rujewa, maana mashambani gari ndogo huzama hadi mlangoni. Mwezi uliotangulia aliiona Landrova hii akiwa ameleta mchele kwa mteja jirani, na tangu siku hiyo hakuwa na mazungumzo mengine.

"Shikamoo mama. Mimi ndiye yule fundi niliyepiga simu."

"Marahaba mwanangu. Fundi ni wewe mwenyewe?"

"Ni mimi, mama."

Bi Asmaa akamtazama kuanzia kilemba hadi buti, akacheka. "Haya, lione. Ila kuku wangu usimsumbue. Bado siku chache tu aangue."

Sekela akaingia kazini kwa furaha. Akalala chini akagonga chesi, uti wa mgongo wa gari, kwa spana: nzima, kutu haijaila. Akakagua gia, akakagua difu inayozungusha magurudumu. Kila alichogusa kilimpa moyo. Kisha akafungua boneti, na furaha yote ikakatika.

"Mama, pampu ya dizeli iko wapi?"

Bila pampu hiyo, wasomaji wangu, mafuta hayafiki kwenye injini, na gari halitembei hata likiwa jipya. Nayo haikuwa imeharibika. Ilikuwa imefunguliwa kwa ustadi, nati moja moja, ikaondolewa.

Bi Asmaa aliacha kupeta. Jibu lilitoka mlangoni, kwa mwanamume mnene mwenye kofia ya kufuma. Alikuwa Selemani, mwanawe mkubwa, mwenye duka la jumla mtaa wa pili.

"Kadi ya gari ninayo mimi," alisema. "Pampu kamuulize mwizi wa Mbeya."

"Selemani! Huyo ni mdogo wako!"

"Mdogo wangu haibi mali ya baba." Akageuka, akarudi dukani kwake.

Bi Asmaa alimmiminia Sekela chai, akamweleza yote bila kuficha. Mzee Faraji alipofariki, miaka tisa iliyopita, nyumba waligawana vizuri, duka waligawana vizuri. Wakafika kwenye Landrova. Selemani akasema ni yake kwa kuwa ndiye mkubwa. Mdogo wake, Adamu, akasema ni yake kwa kuwa ndiye aliyekuwa akisafiri na baba katika gari lile kununua mchele. Siku moja mchana kweupe Adamu akafungua pampu, akapanda nayo basi kwenda Mbeya, anakoishi. Selemani naye akaifungia kadi kabatini. Tangu siku hiyo ndugu wale hawakupeana hata salamu.

"Siku ya Idd, Selemani anakuja asubuhi," alisema Bi Asmaa. "Adamu anakuja alasiri, akihakikisha mwenzake ameshaondoka. Kila mmoja anataka ale pilau ya moto na mama yake. Basi napika mara mbili. Miaka tisa, mwanangu, na magoti yangu ndiyo haya."

Jamani, tulioko mjini tunawafahamu watu kama hawa. Pengine ni jirani zetu. Pengine ni sisi.

Sekela angeweza kununua pampu nyingine Mbeya, akamaliza mambo yake. Lakini aliwaza: leo nikilichukua, kesho mmoja wao atanisimamisha barabarani adai nimeuziwa cha kwake. Tena yale magoti yalikuwa yamemwingia moyoni.

"Mama, gari nalitaka sana," alisema. "Lakini sitalinunua mpaka wanao wote wawili wakubali mbele yangu."

"Basi hutalinunua."

"Nipe namba ya huyo wa Mbeya."

Na kwa kuwa fundi ni fundi, kabla ya kuondoka hakuweza kujizuia. Alifungua nozeli za kupulizia mafuta, akamimina oili kwenye silinda ili pistoni zilizoganda zianze kulegea, akafunika na kuondoka.

Jumanne alikuwa Mwanjelwa, Mbeya, ndani ya duka la vitenge la Adamu. Adamu alikuwa mwembamba, mpole wa sauti, mwepesi wa kumkaribisha mgeni. Alipoisikia Landrova ikitajwa, uso wake ukakunjamana.

"Kaka amekutuma?"

"Hakuna aliyenituma. Nataka kununua gari, nawahitaji wote wawili."

"Basi tafuta gari lingine, dada yangu. Mimi na yule hatukai mahali pamoja."

"Sawa. Lakini nikuulize. Ile pilau unayokula kwa mama kila Idd, unadhani inapikwa saa ngapi?"

Adamu akamshangaa. "Si inabaki ya asubuhi? Mama huwa ananiwekea."

"Haibaki, kaka. Anaanza upya. Anainama mara ya pili kuwasha moto ili wewe usile kiporo cha kaka yako."

Mteja aliingia, akauliza bei ya doti, akatoka bila kujibiwa. Mwisho Adamu akainuka, akaenda stoo, akarudi na ndoo ndogo ya rangi. Akafungua kifuniko. Pampu ilikuwa imezama kwenye oili, inang'aa kama ya jana.

"Kila mwaka naibadilishia oili," alisema polepole. "Sijui nilikuwa naitunzia nini."

Jumamosi iliyofuata, mchana, gari la Sekela la gereji lilisimama Mlandege. Akashuka Sekela na betri na tairi za kuazima. Akashuka Adamu na ndoo yake. Akashuka na binti wa Adamu, Yasmini, wa miaka minane. Selemani alikuwa ameitwa na mama yake bila kuelezwa sababu. Ndugu wawili wakasimama pande mbili za gari, kila mmoja akitazama chini. Kuku alikuwa ameshaangua, vifaranga wanapita katikati ya miguu yao.

Sekela hakuwapa nafasi ya kununa. "Injini imeganda, na peke yangu siiwezi. Hendeli hii ya kuzungushia injini inataka wanaume wawili. Shikeni."

Wakashika. Chuma hakikusogea.

"Usingeiba pampu lisingeganda," Selemani alinong'ona.

"Ungetoa kadi lingekuwa linatembea."

"Nani mkubwa hapa?"

"Ukubwa wa kufungia kadi kabatini?"

Selemani akaachia hendeli, akafuta mikono, akaelekea mlangoni. Adamu akaanza kumtafuta mwanawe waondoke. Sekela aliona gari lake likipotea mbele ya macho yake.

Ndipo Bi Asmaa akasimama, ameshika kiuno. "Mkitoka mlango huo leo, Idd ijayo msije. Nyote wawili. Sitapika mara mbili, na sitachagua wa kumnyima. Sijawaambia mpendane. Nimesema zungusheni hicho chuma!"

Walirudi kama watoto wa shule. Wakainama bega kwa bega, wakasukuma hadi mishipa ya shingo ikatoka. Chuma kikalia kidogo. Kikasogea kidole kimoja. Kikasogea tena, halafu injini nzima ikazunguka, na wote wawili wakaangukia kwenye majani, mmoja juu ya mwingine. Yasmini akacheka. Bi Asmaa akacheka. Selemani, akiwa bado chini, akaanza kutikisika tumbo, na Adamu akashindwa kujizuia.

Kilipotulia kicheko, Adamu alisema, "Kaka, nisamehe. Siku ile hasira iliniisha nilipofika Makambako. Nilitaka kushuka nirudi. Aibu ndiyo ikanizuia."

Selemani aliinuka, akajikung'uta majani. "Na mimi nilikuwa nasubiri uje uniombe kadi. Ungeniomba mara moja tu ningekupa. Hukuja, nikaendelea kusubiri." Akamvuta mdogo wake mkono, akamwinua.

Kazi ikawa sherehe. Sekela alirudisha nozeli, akafunga pampu, akasafisha tangi, akabadilisha nyaya zilizoliwa na panya. Selemani alileta soda kutoka dukani. Majirani walijaa ukutani, kila mmoja fundi wa mdomo. Saa kumi alasiri Sekela alitoa hewa kwenye mipira ya mafuta, akakaa kwenye usukani, akasema "Bismillah" kwa heshima ya wenye nyumba, ingawa yeye ni Mlutheri, akageuza ufunguo.

Injini ikakohoa. Ikanyamaza. Ikakohoa tena, ikatoa moshi mweusi uliowakimbiza majirani, kisha ikashika na kunguruma. Bi Asmaa alipiga kigelegele kilichosikika hadi barabarani.

Kadi ilitoka kabatini, ndugu wakatia saini karatasi ya mauziano mbele ya balozi wa mtaa, na fedha yote wakamwachia mama yao. Sekela naye akampandisha Bi Asmaa kiti cha mbele, wengine nyuma, wakaizunguka Mlandege honi ikilia. Nyuma kule Yasmini alikuwa amekaa karibu na Selemani, anamchunguza usoni.

"Baba mkubwa," aliuliza, "mbona hujawahi kuja kwetu?"

Selemani alimpakata mtoto, akageuza uso kutazama nje, na machozi yakamtoka mbele ya mtaa mzima.

MAFUNZO

Wasomaji wangu, Landrova ile leo iko Rujewa, imejaa magunia ya mpunga, na Sekela anaisifu kwa kila anayesimama gerejini kwake. Chuma kilichokaa miaka tisa kwenye mvua kilifufuliwa kwa mchana mmoja. Lakini miaka minane ya kwanza ya Yasmini bila baba yake mkubwa hakuna fundi wa kuirudisha.

Mnaogombania mali ya marehemu, jiulizeni nani anayebeba mzigo wa ugomvi wenu. Mara nyingi ni mama, naye hasemi. Msisubiri mwenzenu aanze kuomba, kwa sababu huenda naye amekaa anawasubiri ninyi. Kama hasira imeshaisha na imebaki aibu tu, shukeni kwenye basi, mrudi nyumbani.