Jina Alilolikubali Mtoto

Amuron alimbusu mwanawe kwenye paji la uso, midomo yake ikakuta chumvi. Jasho halina chumvi nzito vile. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua la Malaba, mji wa mpakani, limeshaanza kuchoma mabati, na mtoto wa wiki mbili alikuwa baridi kama soda iliyotoka kwenye friji.

"Mama, hebu mguse," alimwambia mama mkwe wake, Asekenye.

Asekenye akamgusa, akautoa mkono haraka. Kisha akamgeukia Eriaku, baba ya mtoto, aliyesimama mlangoni. Jicho alilomtolea lilitosha.

Tuseme ukweli, kosa lilikuwa la Eriaku. Kwa Wateso mtoto hapewi jina hivi hivi. Unachovya kidole kwenye ajono, pombe ya nafaka ya wimbi, unamtilia mdomoni huku ukitaja marehemu wa ukoo, akinyonya, amekubali. Jana mtoto alilia na kuwakataa wote. Eriaku naye, mtu wa mzaha usiojua pa kuishia, akafungua simu. Alikuwa akisoma habari za Titanic, ile meli iliyozama kwenye safari yake ya kwanza kabisa, akaanza kutaja watoto waliokufa maji, kidole cha mama yake, Asekenye, kikiwa bado mdomoni mwa mtoto. Alipofika kwa Walter, kilio kilikatika. Mtoto akanyonya.

"Mzungu ameingia Malaba!" Eriaku alisema, akicheka peke yake.

Leo hakuwa na kicheko.

"Ulimwita mtu hata kwao hujui," Asekenye alinong'ona. "Sasa amekuja."

Amuron akachemsha maji ampashe mtoto joto. Lakini alipomshusha tu kwenye beseni mvuke ukakatika, maji yakawa baridi ya kuuma mifupa, na chini ya kitanda chuma kikaanza kugonga polepole, ngo, ngo, kisha ikalia honi, wala si ya malori ya foleni aliyoyazoea tangu utotoni, bali honi nene kama ya meli, iliyotikisa vikombe kabatini, na chumba kikajaa harufu ya maji ya kina yasiyowahi kuona jua, na mtoto akafumbua macho, akapanua mdomo bila sauti, midomo ikigeuka buluu.

"Anakufa! Mama, mwanangu anakufa!"

Asekenye alichovya kidole kwenye ajono iliyobaki jana. Kulikuwa na jina moja alilolificha jana: Ekisa, marehemu mumewe, mlevi aliyempiga miaka ishirini. Aliapa jina hilo halitaitwa tena chini ya paa lake.

"Walter, toka, hapa si kwenu!" Akamtia mtoto kidole mdomoni. "Ekisa! Haya, wewe. Rudi. Nimekusamehe, shika mtoto!"

Mtoto akanyonya. Mashavu yakapata damu, akalia kilio cha kawaida cha njaa. Eriaku aliketi sakafuni akalia kuliko mwanawe.

Amuron akampakata, akamtolea ziwa la kushoto. Mtoto alinyonya kwa pupa, mwenye joto, mzima, na Amuron akamshukuru Mungu kwa sauti.

Ghafla akatazama kifuani. Ziwa la kulia, lililokuwa ndani ya blauzi, lilikuwa likinyonywa pia, na mdomo ule ulikuwa baridi.

"Mama," alinong'ona, akiogopa hata kujitikisa. "Wako wawili."