Mtamba Aliyeuzwa kwa Ajili ya Kompyuta

Mwaka 2003 Justina alikuwa na duka dogo la uchapaji mjini Moshi. Alichapa barua, kadi za harusi na ratiba za mazishi. Ratiba za mazishi ndizo zilizoilisha nyumba, maana kahawa ya shambani kwao haikuwa na bei tena. Kila familia ilitaka picha ya marehemu ukurasa wa kwanza.

Hapo kwenye picha ndipo palipokuwa na shida. Akiandika barua, kompyuta ilikwenda vizuri. Akifungua picha, iliganda. Wafiwa walisubiri, wakachoka, wakaenda duka lingine.

Mume wake, Basili, akamwendea muuzaji wa kompyuta.

"Weka memori yenye kasi zaidi na diski yenye kasi zaidi," muuzaji akamwambia. "Itaruka hiyo!"

Basili hakuuliza mtu mwingine. Alipanda hadi Rombo, kwa mama yake, Salvina. Mama alikuwa na mtamba mmoja mwenye mimba. Alimlisha kwa mikono yake, majani na vigogo vya migomba, akingoja maziwa ya kwanza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona una haraka?"

Basili akaeleza, akaomba mtamba auzwe. "Una hakika hivyo vitu vitaiponya hiyo mashine?"

"Mama, haya ni mambo ya kisasa. Niamini tu."

Mama akamwamini. Naandika hivyo kwa uchungu. Mtamba akapelekwa mnadani.

Fundi wa muuzaji akafunga memori na diski mpya, akaondoka na za zamani. Asubuhi kompyuta iliwaka upesi kuliko kawaida. Basili akachekelea. Kisha Justina akafungua picha ya marehemu. Ikaganda vilevile.

"Tumefanya nini?" Justina akamuuliza mumewe.

Rafiki wa Justina, Elifuraha, jirani yao mtaani Shirimatunda, alikuwa akifundisha kompyuta chuoni. Justina akamwita dukani.

"Tazameni hii taa ya diski," Elifuraha akasema. "Ukifungua picha, haipumziki. Memori imejaa. Memori ni meza ya kazi, diski ni kabati. Meza ikijaa, kompyuta inahangaika kupeleka vitu kabatini na kuvirudisha. Picha ni kubwa, meza yenu ni ndogo."

"Lakini tumenunua yenye kasi!" Basili akasema.

"Ukubwa wake ni uleule, shemeji. Na kompyuta hii ni ya siku nyingi, inaiendesha memori mpya kwa mwendo wake wa zamani. Hata kwenye kompyuta mpya, kasi ya memori peke yake ni vigumu kuiona. Diski imesaidia, sikatai. Kompyuta inawaka upesi, programu zinafunguka upesi. Ila shida yenu haikuwa hiyo."

"Tungefanyaje?" Justina akauliza.

"Mngeangalia kwanza inakwama wapi. Halafu mngeongeza memori, siyo kubadilisha. Hapa pana nafasi mbili. Ile ya zamani ingekaa kando ya hii. Iko wapi?"

Fundi alikwisha kuondoka nayo.

Elifuraha alikuwa na kompyuta iliyokufa nyumbani. Akatoa memori yake, akaja kuichomeka kando ya ile mpya. Hakutaka malipo. Picha ikafunguka kabla Justina hajakaa vizuri kitini. Wiki hiyo wafiwa hawakusubiri tena, na habari zikaenea. Wateja wakarudi.

Jumapili Basili akapanda kwa mama yake. Hakumficha kitu.

"Kwa hiyo sasa inafanya kazi?" Salvina akauliza.

"Vizuri sana, mama."

"Na kilichoiponya ni kile mlichopewa bure?"

"Ndiyo, mama."

Salvina alilitazama zizi tupu. "Basi mtamba wangu hakuwa na sababu ya kwenda."

"Hakuwa nayo, mama," Basili akasema, akalia mbele yake.