Faini ya Saa 3:40

"Tisa, lipa hiyo faini leo."

Munira alibana simu kati ya bega na sikio, akamhamishia mwanawe ziwa la pili.

"Silipi."

"Ni amri."

"Amri ya nani, Joel? Mimi siendeshi ovyo!"

"Kamera za Lusaka hazina undugu. Isipolipwa, gari letu litazuiwa mpakani. Ofisi ya wakala wa faini iko Chang'ombe, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Saa nane mchana. Beba pasipoti na leseni. Uende mwenyewe."

Simu ikakatwa.

Joel alikuwa mratibu wake kwa miaka miwili, na hawajawahi kuonana. Yeye anamjua Munira kwa namba: Tisa. Munira anamjua kwa sauti. Ndivyo idara ya upelelezi inavyowalinda watu wake.

Alikuwa na hasira ya kuvunja sahani. Wiki tatu zilizopita aliendesha Toyota Hilux kutoka Dodoma mpaka Lusaka, akilifuata lori la mashudu ya alizeti. Ndani ya magunia kulikuwa na dhahabu ya magendo. Alirudi na picha za wakubwa wote wa genge. Wao walibaki na kitu kimoja tu: namba ya gari.

Shahidi alikuwa mmoja. Yeye.

Na safari nzima aliendesha kama amebeba trei la mayai! Leo mtu anamletea karatasi ya mwendo kasi?

Akaikunjua barua. Ilikuja kwenye sanduku la posta la kampuni hewa ya idara. Kwa dereva wa gari hili. Mahali: kipilefti cha kwanza, Lusaka. Muda wa kosa: 03:40.

Akasoma tena.

Kwa saa za kizungu, hiyo ni saa tisa na dakika arobaini usiku. Muda huo Hilux ilikuwa imefungiwa uani kwenye nyumba ya wageni, funguo anazo mlinzi.

Ila saa tatu na dakika arobaini asubuhi alipita kwenye kipilefti hichohicho. Aliandika mwenyewe kwenye ripoti, kwa Kiswahili: Saa 3:40, kipilefti cha kwanza, lori liko mbele yangu.

Barua hii haikutoka kwenye kamera yoyote. Iliandikwa na mtu anayehesabu saa kama sisi. Alinakili ripoti yake, akasahau kugeuza saa.

Na ripoti ile ilipita mikononi mwa mtu mmoja.

"Mshenzi!"

Mtoto akashtuka.

"Si wewe, mama. Si wewe."

Akampigia mkuu wa idara kwa laini nyingine.

"Shikamoo, mama Emilia."

"Marahaba. Sema."

"Ripoti yangu ya Lusaka uliisoma?"

"Joel alinipa muhtasari. Kurasa zenyewe hakuleta."

Munira akamweleza yote.

"Usiende, mwanangu. Wanataka kuijua sura ya shahidi. Una mtoto mchanga."

"Kwa hiyo nikae, waje kunitafuta hapa anapolala? Naenda, mama. Nipe watu watatu."

"Nakupa wanne. Na hasira yako isiwake kabla sijakwambia."

"Imeshawaka."

Saa nane kamili. Chang'ombe.

Baibui jeusi. Nikabu. Macho tu nje. Kifungo cha tatu kilikuwa kamera, na bastola yake, Glock, ilikuwa kiunoni.

Chumba kilikuwa na meza moja na pazia nyuma yake. Mwanaume mnene alikaa mezani. Mwingine alisimama mlangoni amevaa koti. Koti, na joto lote hili!

"Karibu, dada. Pasipoti."

Akaiweka mezani, mkono juu yake.

"Kwanza niambieni kosa langu."

"Mwendo kasi. Ulipita kipilefti saa tatu na dakika arobaini asubuhi."

"Asubuhi? Karatasi yenu inasema usiku."

Mnene akaitazama karatasi. Jasho likamtoka.

"Asubuhi, usiku, yote si faini? Funua uso tulinganishe na picha."

"Sifunui."

"Dada, usitupotezee muda..."

"Mfunueni!"

Sauti ilitoka nyuma ya pazia.

Munira aliijua. Miaka miwili.

"Toka huko, Joel. Ni mimi, Tisa."

Mwenye koti akachomoa bastola. Munira akaipindua meza kuelekea mlangoni, ikampiga magotini. Risasi ikaingia darini. Teke moja la mkononi, bastola ikaruka. Mnene akainua mikono kabla hajaambiwa. Glock ilikuwa inamtazama.

Redio ikakwaruza sikioni. "Tisa, tunaingia."

Ngazi zikatikisika. Wanne. Joel akatolewa nyuma ya pazia, mdogo kuliko sauti yake. Kwenye Samsung yake ujumbe ulikuwa bado wazi: Dereva akishajulikana, lori la pili litoke Kizota.

Munira akausoma redioni. Dakika kumi hazikuisha.

"Tumelipata godauni la Kizota," mama Emilia akasema redioni. "Lori halijawashwa hata injini. Wale wa kwenye picha zako nao wanafungwa pingu sasa hivi."

Joel alikuwa analia. "Walinitishia, Tisa."

"Wakakutishia, ukawapa mimi."

"Sikuwapa jina! Silijui hata jina lako!"

"Na hutalijua."

"Basi nionyeshe uso tu. Miaka miwili tumefanya kazi wote."

Munira akaokota pasipoti yake, akaifuta vumbi.

"Kuna mtu mmoja tu anausubiri uso huu leo. Ana miezi saba, na ana njaa."

Akashuka ngazi. Moja moja, bila haraka.