Karatasi ya Bibi Tsvetana

Saa mbili na nusu jioni, jua la Juni lilikuwa bado limeng'ang'ania paa za Sofia, na Nevena alikuwa anapanda ngazi kwenda ghorofa ya tatu, mwiko mkononi.

Mwiko wenyewe mdogo, wa chuma, wa kufukulia magofu. Alikuwa na shahada ya akiolojia, tena ya daraja la kwanza. Miaka miwili alikwangua udongo kwenye sakafu za Kirumi zilizo chini ya stesheni ya metro, pale watalii wanapojipiga picha. Halafu mradi ukafungwa, wakubwa wakapeana mikono mbele ya kamera, na msomi akarudishwa mtaani. Sasa alikuwa anakwangua maiti milangoni.

Simu ilikuwa bado sikioni.

"Msomi, wageni wanarudi saa tatu," alisema bosi wake, Ognyan, mpangishaji wa nyumba kwa watalii. "Hiyo karatasi nisiisikie tena."

"Nimeibandua mara nne wiki hii, bosi. Inarudi."

"Karatasi haina miguu. Wale wa juzi wameandika mtandaoni eti mlangoni kuna picha ya marehemu. Wakiandika na hawa, chumba chako cha darini nakitaka kesho asubuhi. Utakwenda kulala na Warumi wako."

Akakata.

Chumba hicho cha darini ndicho kilikuwa mshahara wake. Kitanda, dirisha la kuutazama mlima Vitosha, na kisinki. Kwingine hakuwa na pa kwenda, na Ognyan alilijua hilo kuliko yeye.

Karatasi ilikuwepo. Ukingo mweusi, picha katikati, jina: Tsvetana Burova. Siku arobaini tangu afariki. Katika mji huu kila anayekufa hubandikwa kwenye mlango wa nyumba yake, kwenye nguzo, kwenye mti wa kituo cha tramu. Hakuna anayebandua. Jua na mvua ndivyo humaliza kazi. Hata walevi wanaokojolea kuta hizo huwakwepa marehemu.

Ila Ognyan.

Aliinunua nyumba hii bibi akiwa hai, kwa sharti kwamba bibi atakaa humo hadi afe. Akasubiri miaka tisa, kila Pasaka akimletea mayai ya rangi na kumwangalia kifua kinavyopanda na kushuka. Bibi alizikwa Jumanne. Alhamisi kuta zilikuwa zimepakwa rangi nyeupe, na kitanda cha wageni kimeshapandishwa.

Nevena alisogeza mwiko. Gundi ilikuwa mbichi.

Tena ya vuguvugu.

Ndipo kwa mara ya kwanza akasoma maandishi madogo ya chini. *Wenye huzuni, majirani:* Manol wa ghorofa ya kwanza. Lilyana, mwalimu wa piano. Garabed, fundi cherehani.

Wote watatu walikuwa wamekufa. Alijua kwa sababu karatasi zao pia alizibandua yeye, kwa mwiko huohuo, kila nyumba ilipogeuzwa kuwa ya wageni. Jengo zima halikuwa tena na jirani hata mmoja wa kumlilia mtu.

"Upuuzi," alijiambia. Akaanza.

Kwaruu... kwaruu... kwaruu...

Akasimama kupumua.

*Kwaruu.*

Upande wa pili wa mlango. Ndani ya nyumba tupu. Mkwaruzo mmoja tu, wa kuchelewa, kama mtu anayeiga.

Kisha harufu. Ngano ya kuchemsha, sukari, nta ya mshumaa. Chakula cha arobaini, kile ambacho ndugu huwagawia majirani ili marehemu asiende na njaa. Lakini bibi hakuwa na ndugu. Na majirani...

"Nani?" alinong'ona.

Sauti ya kijiko ikigonga bakuli. Taratibu.

Alibandua kipande cha mwisho kwa kucha, akakifinyanga, akakitia mfukoni. Nyayo zikasikika ngazini. Wageni walikuwa wamewahi: Mette na mumewe Palle, Wadenishi, nyuso nyekundu kwa jua, viatu mkononi.

"Tumetembea mpaka miguu imegoma," alisema Mette. "Kanisa la kuba za dhahabu tumelizunguka mara mbili. Huyu alipotea akajiunga na harusi ya watu."

"Walinipa rakia, pombe yao kali," alijitetea Palle. "Ningekataaje?"

Nevena akafungua mlango.

Meza ilikuwa imeandaliwa. Bakuli kubwa la ngano, sukari juu yake kama theluji, msalaba wa zabibu kavu. Sahani nne zilizokwisha kuliwa, vijiko vikiwa bado vimelowa. Ya tano ilikuwa safi, na kiti chake kimevutwa kando, tayari.

"Ah, kaja tena bibi," alisema Mette kwa furaha. "Na mchana alitulisha. Hasemi, anacheka tu. Ni mama yako?"

"Bibi gani?"

"Wa kwenye tangazo, hapo mlangoni. Alituonyesha picha, akajigonga kifua. Tukadhani anagombea uchaguzi."

"Tukampongeza," aliongeza Palle. "Nikamwambia, mama, ningekuwa raia ningekupa kura."

Nevena hakucheka. Aligeuka polepole.

Karatasi ilikuwa mlangoni.

Nzima. Gundi ikichuruzika pembeni. Chini ya Manol, Lilyana na Garabed, kwa herufi zilezile za chapa, palikuwa na jina la nne.

*Nevena, wa darini.*

Simu ikatetemeka.

"Umebandua?" aliuliza Ognyan.

Nevena aliitazama ile picha. Bibi Tsvetana, ambaye kila Jumamosi aliacha bakuli la supu kwenye ngazi za dari, bila kubisha hodi, ili asimwaibishe. Akatazama mwiko wake. Kitu kikampanda kutoka tumboni, na hakikuwa woga. Woga alikuwa ameula miaka mitatu mfululizo, na haukumshibisha.

"Sijabandua," alisema. "Wala sibandui."

"Unasemaje, wewe?"

"Umesikia. Miaka tisa ulimsubiri afe, leo huwezi kumwachia arobaini yake? Njoo uibandue kwa mikono yako."

"Nakuja. Na wewe fungasha."

Aliketi kwenye kiti cha tano. Akachota kijiko kimoja cha ngano. Ilikuwa ya moto.

"Mungu amsamehe," alisema, kama inavyosemwa. Nyuma yake, jikoni, mtu alishusha pumzi.

Wadenishi walikuwa barazani wakipiga picha machweo.

Baada ya robo saa breki zililia mtaani. Nevena alisikia lango la chini likifunguliwa, viatu vikipanda, vikisimama nje ya mlango. Ognyan hakubisha wala kusalimu. Alianza tu, kwa funguo.

Kwaruu, kwaruu, kwaruu.

Kisha mkwaruzo mwingine ukajibu, ndani ya mbao zenyewe.

*Kwaruu.*

Wakakwaruza pamoja. Haraka. Haraka zaidi. Halafu akasikia, "Achia... achia mkono wangu..." kwa sauti ndogo, ya adabu, ambayo Ognyan hakuwahi kuitumia kwa mtu yeyote.

Halafu ukabaki mmoja.

Alipofungua, ngazi zilikuwa tupu. Shada la funguo lilikuwa sakafuni. Mtaani gari lilinguruma, mlango wazi. Karatasi ilikuwa haijachubuka. Kona moja tu ilikuwa imeinuka, na Nevena akaibana kwa kidole gumba mpaka ikashika.

Wageni waliondoka asubuhi. Waliandika nyota tano: *mwenyeji mkarimu, chakula cha kienyeji.*

Polisi walikuja, wakauliza, wakaandika, wakaenda. Hakuna aliyekuja kudai chumba cha darini. Miezi mitatu baadaye karatasi mpya ikatokea, kisha ya miezi sita, kama desturi ilivyo, na jina lake likiwa palepale miongoni mwa wenye huzuni. Haulizi tena nani anazichapa.

Ya Ognyan haijabandikwa na mtu, si mlangoni wala kwenye nguzo. Gundi Nevena anayo. Karatasi pia.

Jioni, akipita ghorofa ya tatu, husikia mkwaruzo ndani ya ule mlango. Chini kabisa, karibu na sakafu. Mnyonge, kama wa kucha zilizokwisha.

Hupanda zake darini, akafungulia redio.