Seva Mikononi mwa Lorraine

Lorraine Kubicek hana akili ya kutunga uongo, ndiyo maana ninamwamini. Jumapili moja ya theluji alikuwa zamuni peke yake kwenye jumba la seva, zile kompyuta zinazoendesha mitandao, huku kwetu Iowa. Halina dirisha, feni zinavuma hata husikii kikohozi chako, na taa za dari hujizima usipotembea. Tangu wenzake wapunguzwe kazi, wa kuongea naye ni Curt tu, fundi anayesimamia seva hizo kwa mbali, sauti ya simu ya masikioni kutoka Omaha.

Siku hiyo alitakiwa kutoa seva moja iliyokufa. Zote zinafanana, na mojawapo hupokea simu za ambulansi za wilaya nzima. Basi desturi yao ni hii: Curt anabonyeza kitufe kwenye kompyuta yake, taa ya buluu inapepesa kwenye seva ya kutolewa, na Lorraine hagusi nyingine.

Akaiona inapepesa. Akang'oa nyaya zote, akaivuta, akaikumbatia.

"Imetoka, Curt."

"Imetoka nini, bibi wewe? Bado nahangaika na nywila hapa. Sijawasha taa yoyote!"

"Mungu wangu! Angalia ambulansi! Nimezima ipi?"

Akasikia vidole vya Curt vikigonga kibodi.

"Hujazima kitu, dada. Ambulansi ipo, zote zipo. Hata ile mfu imeanza kuitika sasa hivi."

Lorraine alisimama bila kusogea, taa za dari zikajizima. Gizani, kifuani pake, seva isiyo na waya hata mmoja ilikuwa inapepesa buluu, na feni zake zinampulizia shingoni pumzi ya moto.