Mchanga Ndani ya Tairi

Kila asubuhi kabla ya shule, Kavugho alimshikia baba yake baiskeli ili afunge vizuri mto wa kiti cha nyuma. Zamani baba huyo, Papa Muhindo, alikuwa na duka la vitenge hapa mtaa wa Makiso. Vita vilipofunga barabara ya Butembo, na meli za Kinshasa zikaacha kuja, rafu za duka zilibaki tupu, naye akawa mtu wa toleka, ile baiskeli inayobeba abiria mjini Kisangani. Hakuona haya hata kidogo. "Gurudumu inazunguka, tunakula," alikuwa akisema.

Kisha mambo mawili yakaharibika katika wiki moja. Papa Muhindo alikanyaga msumari, na mpira wa ndani wa gurudumu la nyuma ukapasuka. Mjini hapakuwa na mpira mpya hata wa dawa. Watu wa toleka walikuwa wamezoea kujaza tairi majani makavu ya migomba, wakiyasokota na kuyashindilia kwa kijiti. Ilikuwa kazi ya siku nzima, tena ya kuchubua vidole.

"Kavugho, ujaze ile tairi," baba alimwambia akiwa kitandani, mguu umevimba hadi kwenye goti. "Kesho mutanipeleka kwa infirmier, yule muuguzi. Saa sita anafunga, na kesho kutwa anaondoka na dawa zake zote."

Kavugho alianza vizuri. Alijaza kipande cha shubiri moja, vidole vikamwuma, akanuna. Nyuma ya nyumba kulikuwa na chungu ya mchanga, mabaki ya ukuta ambao jirani hakuumaliza. Mchanga mbichi uliingia bila taabu, na kwa muda wa saa moja tairi likawa gumu kama ubao. Akaenda kuruka kamba.

Jioni baba akamwuliza, "Uliweka nini?"

"Majani, papa."

"Yote?"

"Yote."

"Mutoto wangu iko na mikono ya kazi!" baba akasema kwa furaha. Kavugho hakula vizuri usiku ule.

Asubuhi walimkalisha baba nyuma ya baiskeli. Mama alishika usukani, Kavugho akasukuma. Baiskeli ilikuwa nzito kupita kiasi. Kila waliposimama kupisha watu, kuanza tena kuliwatoa jasho. Mama hakuelewa. "Papa yako amekonda hivi, uzito inatoka wapi?" Kavugho alijua unatoka wapi, lakini aliinamisha kichwa akazidi kusukuma. Kwenye kizuizi cha barabarani askari waliwatazama tu.

Walipofika kwenye mteremko, baiskeli ilianza kukimbia. Mama aliivuta kwa nguvu zake zote. Baba akakandamiza tairi la nyuma kwa kandambili ya mguu mzima, kama wafanyavyo watu wa toleka. Gurudumu halikusikia. Likaendelea kuzunguka, mama akateleza, na wote wakaangukia mtaroni. Kidonda cha baba kikafunguka. Alijikaza asilie mbele ya binti yake, akashindwa, na Kavugho akasimama pale mikono mitupu, asijue la kufanya.

Kando ya barabara alikuwapo Tonton Hilaire, yaani Mjomba Hilaire kwa watoto wote wa mtaa. Alikuwa mwalimu wa fizikia, ila serikali ilikuwa haijamlipa kwa muda mrefu, kwa hiyo sasa alitengeneza baiskeli. Aliisimamisha ile baiskeli kichwa chini, magurudumu juu.

"Zungusha ya mbele," alimwambia Kavugho. Likaanza kwa kidole kimoja, likasimama kwa kidole kimoja. "Sasa ya nyuma." Alisukuma kwa kiganja kizima ndipo likaanza. Alipotaka kulisimamisha, likamvuta mkono.

"Bon. Mu ndani kuko nini?"

"Majani," Kavugho alijibu.

Tonton Hilaire aligonga tairi kwa vidole. Kavugho akamwangalia baba yake aliyekaa mtaroni akishika mguu, na hapo machozi yakamtoka. "Mchanga, tonton. Niliweka mchanga. Papa, unisamehe, nilidanganya."

Mama alishika kichwa. Jua lilikuwa linapanda.

"Alors, tufungue," akasema Tonton Hilaire, akampa spana fupi. Nati ilikuwa na kutu. Kavugho alivuta hadi akatetemeka, wapi. Tonton Hilaire akachomeka bomba refu kwenye mpini wa spana. "Shika huku mwisho." Nati ikafunguka kwa mkono wa mtoto yule yule.

"Unaona? Nguvu ni ile ile. Umbali toka katikati ndiyo iliongezeka. Na mchanga yako, uliweka mbali na katikati, kwenye ukingo. Ingekuwa mu kifuko juu ya kiti, mungesukuma uzito wake tu. Kwenye ukingo munaisukuma mbele, tena munaizungusha. Kila kilo inakuwa kama mbili, kwa kuanza na kwa kusimama."

Walimwaga mchanga, wakashindilia kwa pamoja majani makavu ambayo Tonton Hilaire alikuwa ameshayasokota. Vidole vya Kavugho vilitoka damu, hakulalamika. Saa sita kasoro kidogo walifika. Infirmier alikuwa ameshafunga sanduku la dawa, akalifungua tena. Alisafisha kidonda, akachoma sindano, akasema, "Mngechelewa siku mbili zaidi, mguu huu tungeukata."

Kavugho aliinama, akingojea fimbo. Baba alimvuta karibu.

"Kazi ilikushinda, si kosa. Vita hii imetushinda hata sisi wakubwa. Lakini ile uongo uliificha peke yako, na mama yako ndiye aliivuta mpaka mutaroni. Siku ingine ukichoka, sema, 'Papa, nimechoka.' Muzigo ile tutasukuma wote."