Wageni wa Maji Chumvi

Kila asubuhi, kabla ya kufagia uwanja, Justa alimwamkia baba yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wageni wetu wameamkaje?"

Wageni hao walikuwa samaki wawili wadogo, mmoja wa njano na mwingine wa buluu. Baba huyo, Mzee Mayala, alikuwa baharia Tanga. Meli yao ilipouzwa na wafanyakazi kupunguzwa, alirudi kwao Mwanza, akajenga vyumba viwili mtaa wa Kiseke. Haukupita muda, mgongo ukamlaza kitandani. Ziwa lilikuwa karibu, lakini moyo wake ulibaki baharini. Ndipo mdogo wake Ngosha, dereva wa malori ya kwenda pwani, akamletea samaki wale na madumu ya maji ya bahari. Tangi la kioo likawekwa dirishani, mbele ya kitanda. Tangu hapo mgonjwa akaanza tena kucheka.

"Wapewe chakula asubuhi tu, kiasi cha kushika kwa vidole viwili," aliagiza. "Kinachobaki huoza."

Justa alishangaa. Kwao, hata siku ambazo chungu kilikuwa na mapanki matupu, yale mabaki ya mifupa ya sangara, mgeni alishibishwa kwanza. Mgeni gani huyo wa kupewa chakula cha vidole viwili? Basi kila jioni, baba akisinzia, alichukua dagaa kutoka kwenye sahani yake mwenyewe, akawasaga na kuwamwaga ndani ya tangi.

Haikuchukua muda, kioo kikaota utelezi wa kijani.

"Ni mwani," alisema baba. "Tangi jipya huwa hivyo. Lisugueni kwa dodoki bila sabuni, mlikinge na jua. Justa, kuna mtu anawaongezea chakula?"

"Hapana, baba."

Mama yake, Dorotea, alisugua kioo na kutundika khanga dirishani. Mwani ukarudi, mzito kuliko wa kwanza. Justa akawahurumia wageni waliokaa gizani, akaongeza dagaa.

Asubuhi moja samaki wa buluu alikutwa akielea kiubavu, amekufa. Mzee Mayala alimtazama, kisha akageukia ukutani.

"Mwambieni Ngosha aje achukue tangi lake," alisema. "Bahari haikubali kukaa Kiseke. Kosa ni langu, nimeua kiumbe kwa tamaa yangu."

Uji wake ulipoa bila kuguswa. Mchana hakula, jioni hakula. Justa alisogea kitandani. Baba alikuwa anabeba mzigo usio wake.

"Baba, si kosa lako," alisema huku akilia. "Mimi nimewapa dagaa kila jioni. Niliona wana njaa."

Baba aligeuka polepole. "Hata siku ile nilipokuuliza?"

"Hata siku ile."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema mama kwa huzuni. "Haya, lete mpira wa maji na ndoo."

Walivuta uchafu uliooza chini ya tangi, wakasugua kioo, wakajaza maji ya bahari yaliyobaki kwenye dumu. Kuanzia hapo chakula kikawa cha asubuhi tu. Mwani ulipungua kidogo kidogo, mpaka siku moja baba, akiwa kitandani, akamwona tena vizuri samaki wa njano. Alimtazama kwa muda mrefu, lakini hakucheka kama zamani.

"Umenisamehe, baba?"

"Nimekusamehe, mwanangu. Mgeni huulizwa kwanza anakula nini. Hilo hukulijua, na huruma yako haikuwa mbaya. Kosa ni lile 'hapana' uliloniambia. Ungesema kweli siku ile, leo ningekuwa nawatazama wote wawili."

Justa alikwenda kwenye tangi. Alishika chakula kwa vidole viwili, akamwonyesha baba yake kwanza, kisha akampa yule mgeni mmoja aliyebaki.